Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu VfR, chama cha roketi cha Wajerumani (1927–1934)

Watu wakishajua napenda stori za roketi za zamani maswali yanakuwa yale yale, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa. Mimi ni fundi wa kuchomelea, sio mwanahistoria, kwa hiyo ukiona sehemu ya matangi na mabomba nimeongea sana na sehemu ya siasa nimepita chapchap, ujue ndo sababu.

VfR ndo nini?

Verein für Raumschiffahrt, kwa Kiswahili tuseme Chama cha Safari za Anga za Juu. Kilianzishwa 5 Julai 1927 kwenye chumba cha nyuma cha baa moja mjini Breslau. Ndio, baa. Lengo lao lilikuwa kujenga chombo cha kwenda mwezini na kwenye sayari nyingine, na hapo kumbuka Lindbergh alikuwa ndo kwanza kavuka Atlantiki peke yake na ndege, wiki sita na kitu tu kabla, na dunia nzima ilikuwa bado inapiga makofi. Yaani wenzao wanashangilia mtu kufika Paris, wao wanajadili kwenda Mirihi.

Breslau mbona siioni kwenye ramani?

Siku hizi ni Wrocław, iko Poland. Baada ya vita, 1945, mipaka ilihama.

Ni kweli mahakama iligoma kukisajili kisa jina?

Ndivyo Willy Ley, mmoja wa vijana wa mwanzo kabisa kwenye chama, alivyokuwa anasimulia. Karani wa kusajili vyama akasema hilo neno Raumschiffahrt halipo kwenye Kijerumani, sasa tutasajilije chama cha kitu ambacho hata neno lake hakuna. Ikabidi kwenye katiba waongeze maelezo ya neno linamaanisha nini, ndo wakapitishwa. Mimi hii stori naipenda kuliko zote, mtu hajakata hata bati moja tayari ana kesi ya msamiati.

Wanachama walikuwa akina nani, ilikuwa lazima uwe injinia?

Hapana, ndo raha yake. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa Johannes Winkler, ndiye pia aliyekuwa mhariri wa jarida lao, Die Rakete. Max Valier alikuwa mwandishi na mpiga debe kutoka Austria, huyu ndo aliyesukuma watu mpaka chama kikaanzishwa. Ley alikuwa kijana wa miaka 20 tu. Rudolf Nebel alikuwa rubani wa vita ya kwanza ambaye aliwahi kufunga fataki kwenye ndege yake afyatulie ndege za adui, sasa hapo pata picha ni mtu wa aina gani. Klaus Riedel alikuwa fundi hasa, mikono yake ndo ilifanya kazi kubwa. Afu kuna mwanafunzi mmoja wa miaka 18 aliyekuja 1930 kubeba vitu na kushika vifaa, anaitwa Wernher von Braun.

Mkubwa wao wa kichwa alikuwa Hermann Oberth, mwalimu wa shule kutoka Transylvania (Romania ya leo). Mwaka 1922 alipeleka andiko lake la udaktari kuhusu roketi Heidelberg wakalikataa, akaamua kulichapisha kama kitabu 1923, na gharama nyingine alitoa mfukoni mwake. Kile kitabu kimejaa hesabu lakini ndicho kilichowawasha hawa vijana wote. Kufikia 1929 chama kilikuwa na wanachama karibu 900, na wengine walikuwa nje ya Ujerumani.

Miaka ya kwanza walikuwa wanafanya nini hasa?

Kuongea. Sio kejeli, ndo ukweli wenyewe, walikuwa wanaandika jarida, wanatoa mihadhara, wanabishana kwa barua. Hela ya ada yote ilikuwa inaishia kwenye uchapaji. Jarida lenyewe likafa mwisho wa 1929.

Aliyechoka kuongea mapema ni Valier. Akamfuata Fritz von Opel, mwenye magari, na fundi wa roketi za baruti anaitwa Sander, wakafunga roketi nyuma ya gari. Tarehe 23 Mei 1928 pale AVUS, barabara ya mashindano ya magari Berlin, Opel mwenyewe alikaa kwenye usukani wa gari lenye roketi 24 likapita spidi ya kilomita 230 kwa saa. Magazeti yakachizika. Wenzake wengine kwenye chama hawakufurahi, walisema baruti ni fataki tu, haikupeleki mwezini, unawafanya watu watuone wacheza sarakasi. Walikuwa sahihi kwa upande wa baruti, lakini kwa upande wa matangazo, aisee, hakuna mhadhara uliofanya kazi kama lile gari.

Na ile habari ya filamu?

Mwaka 1929 muongozaji Fritz Lang alikuwa anatengeneza filamu ya safari ya mwezini, akamchukua Oberth awe mshauri, na wakakubaliana ajenge roketi ya kweli irushwe siku ya uzinduzi kama tangazo. Oberth alikuwa mtu wa chaki na ubao, karakana haikuwa kwake. Alipokuwa anajaribu kuchanganya petroli na oksijeni ya kimiminika ikalipuka, akaumia jicho. Nebel aliajiriwa kumsaidia, muda ukaisha, filamu ikaonyeshwa Oktoba 1929 bila roketi yoyote. Lakini vifaa vilivyobaki chama kikavichukua, na hapo ndo kazi ya mikono ikaanza. Ile hesabu ya kurudi nyuma kabla ya kurusha, tano nne tatu mbili moja, ilianza kupata umaarufu kwenye hiyo hiyo filamu.

Kwa nini wahangaike na oksijeni ya kimiminika badala ya baruti?

Baruti ukishaiwasha imewaka, huiongezi huipunguzi, na nguvu yake kwa kila kilo ni ndogo. Petroli ukiichoma na oksijeni tupu nguvu ni kubwa zaidi na unaweza kufungua na kufunga kama bomba. Shida ni kwamba oksijeni ikiwa gesi inakula nafasi, lazima uipoze mpaka iwe kama maji, na hapo unaongelea nyuzi 183 chini ya sifuri. Mpira kwenye baridi hiyo unakauka unavunjika kama biskuti, valvu zinaganda, unyevu wa hewani unageuka barafu unaziba tundu. Walikuwa wanaibeba kwenye machupa ya kuta mbili, ni chupa ya chai ile ile ya nyumbani ila kubwa na muda wote inatoa moshi mdomoni.

Na oksijeni haina urafiki na mafuta. Nakwambia kwa uzoefu. Gereji niliyojifunzia kazi kulikuwa na kijana mmoja aliona nati ya geji kwenye mtungi wa oksijeni imekaza, akapaka grisi ili ilainike, nia yake nzuri kabisa, alipofungua tu mtungi paa! geji ikaruka mpaka ukutani na nyusi zake zikaondoka, bahati macho yalisalimika. Ile ilikuwa gesi tu, sio kimiminika, na grisi yenyewe ya kidole kimoja. Sasa hawa jamaa walikuwa wanamimina oksijeni ya maji pembeni ya tangi la petroli, kwa mkono, kwenye kichaka. Nikisoma habari zao huwa nashika nyusi zangu.

Injini yao ya kwanza iliyofanya kazi ni ipi?

Ilikuwa ndogo, chumba chake cha kuchomea kina umbo la koni. Tarehe 23 Julai 1930 waliipeleka kwenye taasisi ya serikali ya kemia na ufundi hapo Berlin ipimwe mbele ya mtaalamu, kwa sababu walitaka karatasi yenye muhuri, bila karatasi hakuna mtu anakupa hela. Mvua ilikuwa inanyesha. Ikawaka sekunde 90, ikala kilo 6 za oksijeni na kilo 1 ya petroli, ikasukuma kwa nguvu ya kilo 7 hivi. Kilo saba ni kama kunyanyua mtungi mdogo wa gesi mtupu, utasema si kitu, lakini cheti wakapata na kuanzia siku hiyo ukiwaita vichaa unabishana na serikali.

Mirak ni nini, mbona kila mtu anasema ililipuka?

Kwa sababu ililipuka. Mirak ni kifupi cha "roketi ndogo kabisa" kwa Kijerumani. Ilikuwa na kichwa kama risasi, humo ndimo oksijeni na injini, afu nyuma bomba refu la aluminiamu kama kijiti cha fataki, na hilo bomba ndo tangi la petroli. Injini waliiweka mbele, kwenye kichwa, wakiamini roketi ikivutwa kutoka juu itanyooka kuliko ikisukumwa kutoka chini. Hiyo imani sio kweli, ukifunga injini juu au chini haibadilishi chochote kama inasukuma kwenye mstari ule ule wa roketi, lakini wakati ule karibu kila mtu aliiamini, hata Mmarekani Goddard roketi yake ya kwanza injini ilikuwa juu.

Walienda kuijaribu shambani kwa ndugu zake Riedel, Bernstadt huko Saxony, kiangazi cha 1930. Majaribio kadhaa yalienda vizuri, Septemba ikapasuka. Injini ilikuwa imekaa karibu mno na oksijeni, joto likapandisha presha, tangi likashindwa kuvumilia. Mirak ya pili nayo mwaka uliofuata ikafa kifo cha aina hiyo hiyo.

Raketenflugplatz ilikuwa wapi na waliipataje?

Kaskazini mwa Berlin, upande wa Reinickendorf na Tegel. Nebel alizunguka akapata eneo la jeshi lililoachwa, lilikuwa ghala la risasi na mabomu wakati wa vita ya kwanza, mahandaki ya zege yamezungukwa na kuta za udongo, kwingine vichaka na maji yaliyotuama. Kodi: Reichsmark 10 (hela ya Kijerumani ya wakati ule) kwa mwaka. Kumi! Walihamia 27 Septemba 1930 wakabandika kibao getini, Raketenflugplatz Berlin, yaani uwanja wa ndege wa roketi, utadhani kuna abiria.

Zile kuta za udongo zilijengwa ili ghala moja likilipuka la jirani lisalimike, kwa hiyo kwa watu ambao injini zao zinapasuka kila wiki mbili lilikuwa eneo bora kuliko maabara yoyote. Waliishi humo humo. Huo ni wakati wa mdororo wa uchumi, mwanzoni mwa 1932 Ujerumani ilikuwa na watu wasio na kazi kama milioni 6, kwa hiyo mafundi mchundo, wachonga vyuma, welda, mafundi umeme walikuwa mtaani tu. Nebel akawaambia njooni, mshahara sina ila pa kulala papo na supu ipo. Wakaja. Mtu mwenye ujuzi wa miaka kumi kwenye mashine ya kuchonga chuma anakaa bure kwenye nyumba ya walinzi na kutwa nzima anachonga mdomo wa roketi, na ukisoma kumbukumbu zao unaona kabisa kuwa hawakuwa wanajionea huruma, walikuwa na kazi ya kufanya asubuhi na hiyo wakati ule ilikuwa kitu adimu kuliko hela.

Hela na vifaa walitoa wapi?

Mdomo wa Nebel. Alikuwa anaingia ofisini kwa mkurugenzi wa kiwanda amevaa suti, anatoka na mzigo. Kuna mara alipewa waya mwingi wa kulehemu kuliko wanavyoweza kutumia mwaka mzima, sasa akaupeleka kwenye karakana ya watu wengine akawaambia huu wenu, nyie nichomeeni vitu vyangu. Petroli hivyo hivyo, aluminiamu hivyo hivyo. Watu pia walikuwa wanalipa kiingilio kuja kuangalia majaribio. Wenzake wengine walimwona tapeli na kwenye hesabu za chama kulikuwa na manung'uniko mengi, mimi nadhani wote wana haki, bila yeye wasingekuwa na hata spana, ila na yeye mwenyewe huwezi kumpa funguo za kabati.

Waliwahi kurusha kitu kikaruka kweli?

Ndio. Mei 1931. Walikuwa wameachana na Mirak wakatengeneza roketi nyingine yenye miguu miwili ambayo ndo matangi yenyewe, moja oksijeni moja petroli, injini juu katikati, na safari hii injini wakaizamisha kwenye maji ili isiyeyuke. Tarehe 10 Mei Riedel alikuwa anaipima tu, ikamtoroka, ikapanda taratibu mita 18 hivi ikashuka. Tarehe 14 wakairusha rasmi, ikafika kama mita 60, ikabingirika ikaanguka. Ley akaziita Repulsor, jina alilolitoa kwenye riwaya ya mwandishi Mjerumani Kurd Lasswitz kwa sababu alishachoka neno Mirak kuhusishwa na milipuko.

Baada ya hapo kila wiki walikuwa wanaongeza kitu. Wakaweka parachuti, wakapanga matangi kwenye mstari mmoja badala ya mawili ubavuni, na kufikia mwishoni mwa kiangazi zilikuwa zinapanda kilomita moja. Kwa hesabu zao wenyewe walifanya majaribio ya chini 270 na kurusha mara 87.

Na ile ya polisi?

Vuli ya 1931. Parachuti ikakatika, roketi ikaenda kutua juu ya banda kuukuu la polisi ng'ambo ya barabara na petroli iliyobaki ikawaka. Polisi wakaja mbio wakapiga marufuku kila kitu. Baada ya mazungumzo wakaruhusiwa kuendelea kwa masharti. Banda lenyewe walisema lilikuwa la kubomoka tu, lakini ndo hivyo, kati ya mabanda yote ya Berlin.

Walikuwa wa kwanza duniani kurusha roketi ya mafuta ya kimiminika?

Hapana. Robert Goddard alirusha ya kwanza 16 Machi 1926 Auburn, Massachusetts, ilidumu sekunde 2.5 ikapanda mita 12 na nusu. Ila Goddard alikuwa msiri, hakutangaza, kwa hiyo hawa walikuwa wanavumbua upya. Hata Ulaya hawakuwa wa kwanza, aliyewatangulia ni mwenyekiti wao wa zamani Winkler, alishajitenga akapata mfadhili mwenye kiwanda cha kofia, akarusha yake karibu na Dessau mapema 1931. Ya Februari ilipanda mita tatu, ya Machi ikaenda vizuri.

Kuna mtu alikufa?

Valier. Tarehe 17 Mei 1930, Berlin, anajaribu injini ya kimiminika, ikapasuka, kipande cha chuma kikamkata mshipa mkubwa kifuani. Alikuwa na miaka 35. Hii ilikuwa kabla ya Raketenflugplatz na hakuwa anafanyia kazi kwenye chama siku hiyo, lakini msiba ulikuwa wao.

Jeshi liliingiaje?

Mkataba wa Versailles, ule wa baada ya vita ya kwanza, uliibana Ujerumani kwenye mizinga mikubwa lakini roketi hazikutajwa, kwa hiyo jeshi likaanza kunusa. Mwaka 1932 maafisa, mmoja akiwa Walter Dornberger, wakaja kuangalia, hawakupenda walichokiona, hakuna vipimo vya maana, hakuna rekodi, maneno mengi. Wakawaambia leteni roketi Kummersdorf, kiwanja cha jeshi kusini mwa Berlin, ikifanya vizuri tunalipa. Kiangazi kile wakaipeleka. Ikapanda kidogo, ikapinda, ikaenda kando badala ya juu, ikaanguka kabla parachuti haijafunguka. Hawakulipwa.

Ila maafisa walimwona yule kijana von Braun. Mwisho wa 1932 akaanza kazi kwao, wakamsomesha udaktari, na andiko lake la 1934 likapewa kichwa cha habari cha kawaida tu kuhusu majaribio ya kuchoma, lenyewe likafungiwa kwa siri. Nebel alikataa kuwa chini ya wanajeshi. Wengine hawakuulizwa.

Ile roketi ya Magdeburg ya kubeba mtu ilikuwa kweli au uzushi?

Mradi ulikuwa kweli. Nebel aliushawishi mji wa Magdeburg kutoa hela ili mtu arushwe na roketi ashuke na parachuti. Mtu mmoja aliyeupigia debe aliamini kwamba sisi tunaishi ndani ya dunia iliyo kama mpira mtupu, na roketi ikienda juu itatokea upande wa pili wa dunia, alitaka kuthibitisha hilo. Nebel alichukua hela hivyo hivyo. Walichojenga mwisho ni mfano mdogo usio na mtu, na tarehe 29 Juni 1933 ukatoka kwenye reli zake umelala, ukaruka kama mita 300 ukatua kwa tumbo. Haukuharibika sana eti.

Chama kilikufaje?

Hitler aliingia madarakani Januari 1933 na baada ya hapo vyama huru vyenye barua za kwenda nje ya nchi vikawa tatizo. Wanachama walishapungua kwa sababu ya ukata, Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, wakaanza kukagua makaratasi, jeshi halikutaka raia wacheze na roketi. Lakini kilichowamaliza pale kiwanjani ni kitu cha kawaida kabisa, bili ya maji. Yale majengo ya zamani mabomba yalikuwa yanavuja miaka yote na hakuna aliyejali, ikaja bili ya kama Reichsmark 1,600. Kodi ya mwaka ni kumi! Hawakuwa nayo. Mwanzoni mwa 1934 hakukuwa tena na chama wala kiwanja, jeshi likachukua eneo lake. Mafundi waliokuwa wameshinda presha ya oksijeni wakashindwa na koki.

Walioishi waliishia wapi?

Von Braun na Riedel walienda kujenga V-2, roketi ya kivita ya Hitler, kule Peenemünde, kituo cha roketi cha jeshi, ile iliyoruka vizuri mara ya kwanza 3 Oktoba 1942. Ilichoma pombe iliyochanganywa na maji na oksijeni ya kimiminika. Ilitengenezwa kwa wingi na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora, inakadiriwa watu 60,000 walipitia kambi hizo na karibu 20,000 walikufa, wengi kuliko waliouawa na roketi zenyewe. Mtu akiniambia VfR ni stori tamu tupu huwa namwambia asome na hiyo. Riedel alikufa kwa ajali ya gari Agosti 1944. Von Braun akaenda Marekani akajenga roketi ya Apollo.

Ley alikimbia Ujerumani 1935, akaishi New York akiandika kuhusu safari za anga maisha yake yote. Alikufa 24 Juni 1969. Watu walikanyaga mwezi tarehe 20 Julai, siku 26 baadaye. Oberth, mzee wa miaka 75, alikuwepo Florida kuiona roketi yao inaruka.

Kuna uhusiano wowote na huku kwetu?

Na chama chenyewe, hapana, usilazimishe. Lakini roketi zilifika kwetu. Malindi kuna jukwaa la San Marco la Waitaliano, na 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti ya Kimarekani ya kupima mionzi ya eksirei kutoka angani, ikapewa jina Uhuru kwa sababu ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya. Na Wakongo wa Shaba (Katanga ya leo) wanaikumbuka kampuni ya Kijerumani, OTRAG, iliyorusha roketi zake za bei rahisi huko kuanzia Mei 1977, mwenyekiti wa bodi yake akiwa Kurt Debus, mtu wa Peenemünde. Ya tatu, 1978, ilifeli mbele ya Mobutu mwenyewe, mwaka uliofuata wakaondolewa.

Kile kiwanja cha Berlin kipo bado, naweza kwenda?

Wakati wa kuzingirwa Berlin, 1948, eneo lile la Tegel likajengwa uwanja wa ndege, njia ya kurukia ikamalizwa kwa siku 90 hivi, na baadaye ukawa uwanja mkubwa wa abiria. Ulifungwa Novemba 2020. Kama uliwahi kutua Tegel na begi lako kutokea Dar au Nairobi, basi ulishafika, ila kibao cha getini walishakitoa zamani.